Pacha Aliyepakwa Mafuta

Hata kabla hapajapambazuka nilisikia pasi ikitua juu ya kisahani chake. Tik. Kimya kidogo, halafu tik tena. Nilijua ni mjukuu wangu, na nilijua ni blauzi ileile aliyoinyoosha jana jioni, kwa sababu nyingine zote zilikuwa bado kwenye kapu la nguo chafu.

"Mke mwenzangu," nilimwita kutoka kitandani, "hiyo blauzi imekukosea nini? Iache ipumue."

"Bibi, lala."

"Nilale vipi na wewe unahema kama umepanda ngazi?"

Akaja akakaa ukingoni mwa kitanda. Mikono yake ilikuwa ya baridi, japo alikuwa ametoka kushika pasi. Nikaiingiza chini ya blanketi langu.

"Kisipofunguka je, bibi?"

"Kitafunguka."

"Hujui."

"Sijui," nikakubali, maana hakuwa mtoto tena wa kudanganywa.

Kilichomkosesha usingizi kilikuwa kifuniko. Mjukuu wangu ni mhandisi, na ujana wake ameumalizia kwenye kifaa kimoja chenye ukubwa wa boksi la viatu. Wenzake wanakiita Pua, kwa sababu kazi yake ni kunusa vumbi. Pua imefungwa kwenye chombo cha anga kilichorushwa miaka mingi nyuma kwenda kukutana na nyota yenye mkia. Vumbi la nyota hiyo lina umri mkubwa kuliko dunia yetu, na Pua ikilipata itasema limeumbwa na nini. Lakini ili isichafuke njiani iliwekewa kifuniko, na kifuniko kilipaswa kufunguliwa mara moja tu, siku hiyo. Chombo kinapita mbio, hakisimami wala hakigeuki. Nyota nayo ikishaondoka hairudi hadi sisi sote tumeshasahaulika.

Kazini kwake siku hiyo waliruhusu kila mtu kuja na ndugu mmoja. Tuliketishwa nyuma ya chumba kikubwa chenye kompyuta nyingi na nyaya zilizobandikwa sakafuni kwa utepe. Mlinzi wa mlangoni aliponiona nikisugua magoti alinyanyuka, akaniletea kiti chake mwenyewe, chenye mto, kisha akarudi kusimama mlangoni.

Kijana mmoja mnene alikuja kuniamkia. Wanamwita Jicho, kwa kuwa kamera ya kwenye chombo hichohicho ni yake.

"Shikamoo, bibi. Umekuja kumbembeleza huyu akianza kulia?"

"Marahaba. Nimekuja kuona nani atalia."

"Nenda kasugue kioo chako," mjukuu wangu akamwambia, lakini alicheka, na mabega yake yakashuka kidogo. Nikamshukuru yule kijana moyoni.

Amri ya kufungua ikatumwa. Mjukuu wangu alishanieleza jinsi inavyofanya kazi. Kifuniko kinashikiliwa na pini, na nyuma ya pini kuna nta. Nta ikipashwa moto inavimba na kuisukuma pini itoke. Moto ukizidi sana, kijumba cha nta kinapasuka na hakuna la kufanya tena. Tukasubiri. Ni mbali kiasi kwamba ukituma neno unaweza kuchemsha maji, ukaoga, ukavaa, ndipo jibu lake likufikie.

Jibu likafika. Mjukuu wangu akaiinamia kompyuta yake.

"Kimefungwa," akasema.

Mkuu wao, mama mmoja mwenye nywele fupi za mvi, hakupandisha sauti. "Jaribuni kwa Pacha."

Pacha ni Pua ya pili. Walitengeneza mbili zinazofanana kila kitu. Moja ikarushwa, nyingine ikabaki kwenye chumba cha vioo kisichoruhusiwa vumbi hapo jirani, na kila wanachotaka kumfanyia yule aliye mbali wanamfanyia kwanza huyu wa karibu. Anatunzwa na fundi mmoja mtu mzima, amevaa nguo nyeupe utosini hadi vidoleni, unaona macho tu. Walituma amri ileile. Nta ikapata moto kwa muda uleule, na kifuniko cha Pacha kikainuka laini kabisa.

"Basi hata kule kimefunguka," Mkuu akasema. "Swichi ya kutoa taarifa ndiyo inayodanganya. Tusiguse tena, tusije tukapasua kitu."

Chumba kizima kikashusha pumzi. Mjukuu wangu alikuwa anaikodolea macho kompyuta yake. Nilimwona anavyotamani kuamini.

Ndipo mlango wa chumba cha vioo ukafunguka. Fundi akatoka na nguo zake nyeupe, jambo ambalo nadhani ni mwiko, maana watu waliguna. Akavua kitambaa cha mdomoni.

"Msimwamini Pacha," akasema.

"Unamaanisha nini?" Mkuu akauliza.

"Nilimpaka mafuta. Kwenye pini." Alikuwa anamtazama mjukuu wangu, si Mkuu. "Alikuwa anakwama na kulia kila tukimfungua. Mmemfungua mara nyingi sana, mama. Nilimwonea huruma. Niliona namtunza. Muda wa moto mlioupanga, mliupima baada ya hapo."

"Na kabla ya mafuta?" mjukuu wangu akauliza polepole.

"Alikuwa anataka karibu mara mbili yake."

Mtu angeweza kumrukia kwa maneno, na nilimwona mmoja akijiandaa. Mzee yule angeweza kukaa kimya kule ndani, na lawama yote ingebebwa na baridi ya angani. Alikuja mwenyewe.

"Asante kwa kuniambia sasa," mjukuu wangu akasema, akamgeukia Mkuu. "Tupashe tena. Mara mbili."

"Na kijumba kikipasuka?"

"Tusipopasha, tumekosa. Tukipasha na kikapasuka, tumekosa vilevile."

"Umeme utatoka wapi? Wote uliobaki unatumiwa na kamera. Na amri isipoondoka sasa hivi itakikuta chombo kimeshapita."

Watu wakamgeukia Jicho. Naye alikuwa amesubiri miaka ileile. Uso wake wa utani ulikuwa umetoweka, na nikaona alivyo mdogo.

"Zima yangu," akasema.

"Utapoteza picha zote za kukaribia," mjukuu wangu akamwambia.

"Nitaipiga kisogo ikiondoka. Wengine ni wazuri wakitazamwa kisogoni." Hakuna aliyecheka. "Zima, dada, kabla sijabadili mawazo!"

Amri ikaenda.

Sijui kusubiri kwingine kama kule, na nimesubiri mengi, hata kwenye milango ya wodi. Mjukuu wangu alikuja akachuchumaa miguuni pangu, kichwa kwenye goti langu bovu. Liliniuma, na sikumwambia. Fundi alisimama ukutani peke yake.

"Kaa, baba," nikamwambia, nikamsogezea kiti kilichokuwa tupu.

"Nguo zitachafuka, mama," akanong'ona, kisha akajitazama, akaona amesimama katikati ya vumbi letu sote, akakaa.

Taarifa ikaanza kuingia. Kimefungwa. Kimefungwa. Mjukuu wangu alisharudi mezani, mkono umefunika mdomo. Kimefungwa. Moto ulishapita muda wa kwanza. Mtu akaanza kuhesabu kwa sauti, Mkuu akamnyamazisha. Kimefungwa.

Wazi.

Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wanangoja vumbi. Kwenye kioo cha kompyuta ya mjukuu wangu palikuwa na mstari mtupu, halafu nukta moja ikatokea, halafu nyingine mbali nayo, halafu zikaja kama manyunyu ya kwanza yanapodondokea bati. Mjukuu wangu alikaa chini, akalia kwa kwikwi, na Jicho akasimama nyuma yake akimpigapiga bega.

Wingu zito la mwanzo walikuwa wamelikosa, mjukuu wangu aliniambia baadaye. Kilichopatikana ni sehemu tu. Kamera nayo iliamka imechelewa. Hakuwa amekasirika alipokuwa akisema hivyo, alikuwa amechoka tu.

Watu walipoanza kukumbatiana, fundi hakuwepo. Tulimkuta kwenye chumba cha nje cha kubadilishia nguo, amevaa nyeupe mpya, tayari kuingia kumsafisha Pacha mafuta. Glavu zilikuwa zinamshinda kufunga. Mjukuu wangu akamfungia, moja, kisha nyingine, akakaza vizuri pale kwenye kifundo.

"Huwa unakuja huku kukiwa na shida tu," fundi akamwambia.

"Ni kweli, baba."

Alitutazama sote wawili, macho yake mekundu juu ya kile kitambaa.

"Uje tena," akasema. "Na bibi umlete. Hata kama hakuna kilichoharibika, njooni tu mnitembelee."