Kapu Tupu la Mama Narendra

Mwaka ule sukari iliadimika Shinyanga, hata mtu akikuona na kapu alfajiri hakuulizi umeamkaje. Anakuuliza, "Imefika wapi?" Mimi na Mama Narendra tulilisahau jambo hilo, na ndilo lililotuponza.

Nilikuwa muuguzi mpya wa kliniki ya mama na mtoto, nimetoka chuoni juzijuzi, nimepanga chumba cha uani nyumbani kwake. Jina lake hasa ni Kantaben, lakini mji mzima ulimwita kwa jina la mwanawe, mwenye duka pale mbele. Kutwa alikaa kwenye kiti cha kamba nyuma ya mizani, akipungia wateja mkono.

Jioni moja alinikuta nikianua nguo. Akazungumzia mvua, akazungumzia paka wa jirani, kisha akanisogelea.

"Melania, dada yangu wa Mwanza alikufa kwa saratani ya titi. Na mimi itanipata?"

Sikuwa na la kumwahidi. Nilimweleza tulivyofundishwa na daktari wetu: mwanamke akishakoma hedhi, mwili ukawa mzito na miguu ikawa ya kukaa tu, hatari huongezeka. Kutembea kila siku na kupunguza mafuta kwenye chakula kunaweza kuipunguza. Yote hayo niliyasema kwa kunong'ona. Neno "titi" lilikuwa halijatoka kinywani mwangu kwa sauti. Hata chuoni nilikuwa naonyesha kidole kwenye picha.

"Basi nitatembea," alisema. "Lakini mtu asijue kwa nini. Narendra naye asijue, ataacha kula."

Mtu mzima hazururi mikono mitupu, watu watamshangaa. Ndipo akachukua kapu.

Tulitoka kabla ya jua, tukafuata reli mpaka karibu na kiwanda cha pamba, tukageuka. Siku za kwanza alipumua kama mvukuto na kuilaani miguu yake kwa Kigujarati. Baadaye akaanza kunisimulia harusi yake, na mimi ndiye niliyeishiwa pumzi kwa kucheka.

Asubuhi moja nikasikia kandambili nyuma yetu. Alikuwa Mwamvua, muuza vitumbua wa stesheni, kapu kwapani.

"Shikamoo, Mama Narendra. Endeleeni tu, mimi nanyoosha miguu."

Kesho yake wanawake walikuwa kundi. Tukiongeza mwendo, wanaongeza. Tukisimama, wanasimama na kutazama mawingu. Tulipogeuka kiwandani, nao wakageuka, wakisonya. Na pale kwenye mti wa mjohoro ambapo Mama Narendra hupumzika, siku iliyofuata tulikuta mawe yamepangwa mstari, kila jiwe nafasi ya mtu. Watu walikuwa wameshawahi foleni!

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Narendra hakucheka.

"Mama, mji mzima unasema tumeficha sukari," alisema jioni hiyo. "Askari wakija kupekua duka nitawaambia nini? Kuanzia kesho hutoki."

Mama yake aliingia ndani, akasimama mbele ya picha ya dada yake iliyovikwa shada la maua. Alivyolirekebisha shada lile, polepole, huku mkono mwingine ukiwa kifuani, nilijua kwamba akirudi kwenye kile kiti hatainuka tena. Lakini siri haikuwa yangu, nikanyamaza.

Alfajiri mlango uligongwa. Narendra alifungua, nasi tukasimama nyuma yake. Barabara ilijaa makapu.

"Leo hatuondoki," alisema Mwamvua. "Sukari iko wapi?"

"Sukari hakuna!" Narendra alifoka.

"Hakuna, na mama yako anaifuata kila siku?"

Mama Narendra alitoka na kapu lake, akaligeuza juu chini. Ilidondoka leso, basi.

"Haya," alisema Mwamvua, "kama si sukari, mnatembelea nini?"

Mama Narendra alinitazama. Machozi yalimlengalenga, lakini akaitikia kwa kichwa: sema.

Nikafungua mdomo, sauti ikagoma. Nikajaribu tena.

"Matiti!"

Ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Mbwa wa jirani alibweka. Wanawake waliangua kicheko, mmoja akajishika kifua akisema yake yamekwisha tembea sana, yamefika kiunoni. Ajabu ni kwamba baada ya kicheko kile woga uliniisha. Nikawaeleza habari ya dada wa Mwanza na kwa nini mwenzao anatembea. Kicheko kikakatika. Narendra aligeuka akamtazama mama yake.

"Mdogo wangu wa Mhunze alikwenda hivyo hivyo," alisema Paskalia, mama mzee wa Kisukuma. "Tukasema karogwa."

"Na sisi tunaolima?" mwingine akauliza.

"Mmeshatembea, mayu," nilimjibu, nikimwita mama kwa Kisukuma. "Na kunyonyesha nako husaidia."

"Nimenyonyesha tisa!" Mwamvua akajipiga kifua. "Mimi saratani itanikimbia."

"Hatari hupungua, haiishi," nilisema. "Ukiona uvimbe, hata mdogo, njoo kliniki usisubiri. Na pombe nayo tupunguze."

"Aa, sista! Ulikuwa unasema vizuri."

Walitawanyika wakitaniana. Narendra alifunga mlango, akaketi kwenye kiti cha mama yake. Sikujua ameamua nini.

Asubuhi iliyofuata ukelele wa Narendra ndio ulioniamsha. Mbele ya duka yalipangwa mawe, mstari mnyoofu toka mlangoni, na wenyewe wamesimama kando.

"Jamani, nimesema sukari hakuna!"

"Nani kakuuliza sukari?" alijibu Mwamvua. "Tutolee mama yako, jua linapanda. Lile jiwe jeusi la mbele ni lake. Na hili ni la Paskalia, kachelewa, tunamngoja."

Narendra alilitazama lile jiwe. Kisha akaingia ndani, akatoka na viatu vya mama yake, akavipangusa kwa shati lake na kumwekea miguuni.

"Kapu?" Mama Narendra akauliza.

"Liache, Mama."

Tukaondoka mikono mitupu, isipokuwa Mwamvua. Yeye kapu lake lilikuwa kwapani.

"La nini tena?" nilimuuliza.

"Sista, sukari haina adabu. Inaweza kufika tukiwa njiani."