Kisima cha Safu ya Chini

Mwaka wa 1952, katika kambi moja ya wafanyakazi wa shaba kule Elisabethville, Kongo, watoto watano walikufa kwa kuhara kabla mvua hazijakatika. Wote walikuwa wa kabila la Balamba. Daktari Mbelgiji alifunga daftari la zahanati, akamwambia muuguzi wake, Marceline Mwaba: "Batoto ya Balamba iko na damu regevu. Ni kabila yabo."

Marceline, Mulamba mwenyewe, aliendelea na kazi. Lakini maneno yale hakuyaamini.

Kesho yake, baada ya kazi, alichukua karatasi na penseli akapita nyumba kwa nyumba. Aliuliza mambo mawili tu: nani ameugua, na maji mnateka wapi? Safu za juu za nyumba zilikuwa na bomba. Balamba, waliofika mwisho, walipewa safu ya chini kando ya mfereji wa maji machafu, na kisima chao kilikuwa papo hapo.

Huko juu alimkuta Chola, Mulamba mwenye watoto sita, wote wazima. Na huko chini, katikati ya Balamba, alimkuta Mama Agnès, Muluba wa kutoka Kasai. Mapacha wake walikuwa wamelala mkekani, macho yamezama.

"Mama, juu ya nini haukubaleta kwetu?"

"Banasema ni bugonjwa ya Balamba. Miye niko Muluba. Niliwaza itapita."

Marceline aliwabeba mapacha hadi zahanati, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Wakapona.

Kisha akaiweka karatasi mbele ya daktari. "Bwana Munganga, kabila ni mbili. Kisima ni kimoja."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

Daktari alikasirika, lakini alishuka kwenda kuona. Alipoinama kisimani, harufu ilimrudisha nyuma. Kisima kikafukiwa juma lile, na bomba likafika safu ya chini. Mvua zilizofuata, hakuna mtoto wa safu ile aliyezikwa kwa kuhara.

Mkaguzi wa afya alipokuja kambini, daktari alimweleza jinsi yeye alivyogundua chanzo. Marceline alikuwa amesimama mlangoni, aproni yake nyeupe imepigwa pasi.

"Ile karatasi ni miye niliandika, Bwana," alisema.

Mkaguzi akatoa kalamu. "Jina lako?"

"Marceline Mwaba," akajibu, kichwa juu. "Mulamba."