Sifuri ya Hanna

Mama anayetaka kumsaidia mtoto wake msomi na asikie haya ya Rachel wa Kikatiti, aliyesaidia mpaka akaharibu.

Binti yake, Anneth, ni mwanachama wa chama cha watafiti wanaochunguza mawazo ya watu kwa kompyuta. Mwaka huu walikuwa wakutane Arusha mjini, na Anneth aonyeshe jinsi kompyuta inavyoweza kumtambua mama mwenye huzuni nzito, ili mshauri amfikie mapema. Akamwachia mama yake simu yenye maswali.

"Mama, wewe soma swali, bonyeza jibu. Wanavyosema wao, siyo unavyoona wewe."

"Hilo hata darasa la saba langu linaliweza," Rachel akajibu, wakacheka.

Akazunguka kwa kina mama arobaini wa usharika wa kanisa lao. Swali la tano lilikuwa hili: wiki hii, siku ngapi hukutamani kuamka? Hanna, jirani yake na kiongozi wa kwaya, alikuwa amemzika mwanawe mwezi wa pili. Hakuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichambua.

"Saba," akasema. "Zote, mama Anneth."

Rachel akashtuka. Kiongozi wa kwaya? Jina lake lifike kwa maprofesa likiwa hivyo?

"Umechoka tu, dada. Mungu ni mwema," akasema, akabonyeza sifuri. Moyoni aliona ni kama amemfunga mwenzake kanga iliyolegea mbele za watu. Na wengine akawapunguzia, huyu siku mbili, yule tatu.

Miezi minne ikapita. Siku ya mkutano alikaa nyuma ukumbini na gauni lake la Pasaka. Ukutani zikatokea nukta, kila nukta mama mmoja, na nyekundu ni anayehitaji mshauri. Eneo la Kisongo nyekundu sita. Sekei tisa. Kikatiti kijani tupu.

"Dokta Anneth," Profesa Aminiel akauliza, "huko Kikatiti mnakunywa nini? Na sisi tuhamie!"

Ukumbi mzima ukacheka. Anneth naye akacheka, ila kidogo, macho yakiwa kwenye zile nukta.

Wakati wa chai Rachel akamvuta binti yake kando, akamwambia yote. Anneth akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo miezi minne yote mshauri hajaenda kwa mtu hata mmoja Kikatiti."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Akarudi mbele, akawaambia wanachama majibu ya Kikatiti yafutwe, hayaaminiki. Mama yake hakumtaja.

Kesho yake wakaenda kwa Hanna pamoja na mshauri. Walimkuta amekonda, na kwaya alishaiacha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Anneth akamweleza kilichotokea, akaomba amwulize upya. Akasoma swali la tano taratibu. Hanna akamtazama Rachel muda mrefu, wala siyo kwa hasira.

"Sifuri," akasema. "Mungu ni mwema. Si ndiyo, mama Anneth?"

Akainuka kwenda kuwachemshia chai.

Siku hizi Rachel humgongea kila asubuhi. Hanna hufungua, humpa kiti, humwuliza habari za Anneth na za ng'ombe. La moyoni hajalitamka tena, na Rachel, aliyeambiwa mara moja waziwazi, hajui aanzie wapi kumwuliza.