Barua ya Kusema Hatuwezi

Barua tatu zilikuwa zimekwenda makao makuu, na kila jibu lilipokuja mzigo uliongezeka. Mama Povu, msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali, alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Mashine moja ilikuwa imekufa tangu mwaka jana, iliyobaki ilikuwa mahututi, na mashuka mia moja na arobaini ya kila siku mengi yalimaliziwa kwa mikono. Wafuaji wake wanne walikuwa wamechunika vidole kwa dawa ya madoa. Sasa makao makuu walitaka kuwaongezea mashuka themanini ya hospitali ya pili kuanzia Jumatatu.

Barua lazima iwe ya Kiingereza, na Kiingereza cha ofisini kilikuwa himaya ya karani, mume wa mdogo wake.

"Shemeji, umeandika nini safari hii?"

Karani akasoma kwa madaha, kisha akatafsiri. "Kwa kadiri ya uwezo wetu mdogo, tutajitahidi kutimiza agizo lenu."

"Tutajitahidi? Si nilikwambia useme hatuwezi?"

"Hatuwezi haiandikwi, shemeji. Wakubwa hawaambiwi hivyo. Ukishasema *within our limited capacity*, mwenye akili anajua mmeelemewa."

"Mara tatu umewaandikia hivyo hivyo, na mara tatu wametushukuru kwa kujituma. Hao wenye akili wako wapi?"

"Basi andika wewe, tuone."

Hasira hasara, walisema wahenga, lakini wahenga hawakufua mashuka ya wodi ya upasuaji. Mama Povu akavuta kiti, akaandika kwa Kiingereza chake cha shule, bila salamu wala mapambo, kwamba hawawezi kufua zaidi ya idadi fulani ya mashuka kwa siku. Ilipofika zamu ya kutaja idadi, kalamu ikasita. Mia moja na arobaini ilimtia aibu. Miaka ishirini kazini, leo aonekane mvivu? Akaandika mia mbili. Karani aliisoma barua mara mbili, akakiri shingo upande kwamba haina kosa.

Jibu lilikuja Ijumaa. Mama Povu aliwasomea wafuaji wakiwa kwenye mabeseni yao, akitafsiri polepole. Makao makuu walishukuru kwa barua fupi na ya wazi. Kwa kuwa mwisho wa uwezo wao ni mia mbili, na kwa sasa wanafua mia moja na arobaini, wataletewa sitini tu. Yale ishirini yaliyozidi yatapelekwa kwingine.

Mfuaji mkongwe kuliko wote akauliza taratibu, "Hiyo mia mbili umeitoa wapi, dada?"

Angeweza kumsingizia shemeji yake, na wangemwamini.

"Tuliwahi kuifikisha siku moja," Mama Povu akasema. "Mashine zote mbili zilikuwa nzima."