Matembezi ya Mama Roza

Ungemwona Godelive anavyotembea taratibu ungesema ametulia. Wapi! Roho ilikuwa juu. Mkononi amemshika Mama Roza, kikongwe wa Kiyahudi ambaye yeye Godelive ameajiriwa kumtunza nyumbani kwake miaka kadhaa sasa, na mfukoni simu inatetemeka kila wanapovuka barabara. Aliyekuwa akituma ujumbe ni Debora, binti wa kikongwe: nitawasubiri na gari mwisho wa matembezi, tafadhali usimwambie.

Asimwambie nini? Kwamba leo kikongwe harudi kwake. Kitanda chake kimeshatandikwa katika nyumba ya wazee nje ya mji, mlango unafunguka kwa namba ya siri, na namba wanaijua wauguzi tu. Mama Roza alikuwa ameanza kupotea njia, polisi wakimrudisha, na Debora amechoka. Godelive alikubali kunyamaza, na tusimwonee. Kwao Uvira habari mbaya humwambii mtu njiani. Unamfikisha nyumbani, unamkalisha, anakula hata matonge mawili, wakubwa wanakaa karibu naye, ndipo anaambiwa. Yeye mwenyewe aliitwa, "Njoo, mama anaumwa kidogo," akasafiri, kumbe mama ameshazikwa. Alishukuru kwa kulindwa hivyo. Kwake huo haukuwa uongo, ilikuwa adabu.

Basi wakatembea. Kundi dogo la matembezi ya historia lilimfuata mwanamke mwongozaji kwenye Mtaa wa Spadina, huku Kanada, akiwaonyesha majengo ambamo Wayahudi walishona makoti, kisha wakaingia mtaa wa Kensington, wakasimama mbele ya sinagogi la matofali karibu na maduka ya mitumba. Mwongozaji akasimulia meli ya wakimbizi wa Kiyahudi ya mwaka 1939, ilivyokataliwa huku na huku, Kanada nayo ikisema hapana. Watu wakatikisa vichwa. Mama Roza alikuwa akitazama viatu vyake.

"Kuna mwenye la kuongeza?" mwongozaji akauliza.

Jamani, nani alimtuma kuuliza. Mama Roza akauachia mkono wa Godelive, akasema kwa sauti kavu kwamba yeye alikuwa na miaka sita, huko Uholanzi, vita vimepamba moto.

"Mama alinivalisha koti, akaniambia twende tukatembee. Tulitembea mpaka shambani kwa mwanamke nisiyemjua. Mama akasema anakwenda kununua mkate. Alifanya hivyo niokoke, najua. Yeye askari walimkamata, akafia kwenye kambi ya mateso. Lakini angeniambia. Maisha yangu yote namkasirikia kwa matembezi yale, halafu naona aibu kumkasirikia marehemu."

Godelive akaishika simu mfukoni. Akisema, amemgeuka Debora, na kazi huenda ndiyo imekwenda. Akinyamaza, amefanya yaleyale ya shambani kule. Na ile adabu ya kwao leo haikuwa na mahali pa kusimama, maana unamngojea vipi mtu afike nyumbani wakati nyumbani ndiko asikokwenda? Hasira ikampanda, hasira ya kujikasirikia mwenyewe. Alitamani barabara irefuke, nayo ilikuwa inakwisha.

Kundi likaagana. Kwenye kona gari la kijivu lilikuwa linanguruma, Debora kashika usukani. Godelive akapiga moyo konde, akasimama.

"Mama, leo haturudi nyumbani."

Akamwambia yote palepale njiani, mtu kasimama, hajala kitu: nyumba ya wazee, mlango, namba.

"Nikikataa?" Mama Roza akauliza.

"Atakupeleka kesho."

"Na wewe ukija, utanifungulia?"

"Sitapewa namba, mama."

Kikongwe akalitazama gari, akageuka kutazama walikotoka. Hapakuwa na pa kukimbilia. Godelive akanyoosha mkono amshike. Mama Roza hakuupokea. Akajikongoja peke yake hadi kwenye gari, akafungua mlango, lakini hakuingia.

Debora alikuwa ameshatengeneza tabasamu. "Umefurahia matembezi, mama?"

"Godelive ameniambia," Mama Roza akasema. "Sasa zima gari, uniambie wewe."