Mto wa Kuwasha na Kuzima

Mto wa Penrith, uliojengwa kwa saruji kwa ajili ya mbio za mitumbwi ya kayaki, huwashwa asubuhi kama jiko la gesi. Mtu anabonyeza kitufe, pampu zinanguruma, na saruji iliyokuwa kavu inageuka maji yenye povu na hasira. Jioni unazimwa, watu wanakwenda kula.

Ngāhuia hakuwahi kuona mto wa namna hiyo. Kwao Kawerau, ng'ambo ya bahari, mto Tarawera hauombi ruhusa kwa mtu. Watu ndio wanaouomba. Kabla hujashusha kayaki yako unachota maji kwa kiganja, unajipaka usoni, unautajia mto jina lako na la mlima wako. Ni adabu tu, kama kupiga hodi.

Siku ya kwanza ya mazoezi aliinama kufanya hivyo hivyo. Tūroa, mchekeshaji wa timu, akamwona.

"Dada'angu, unaamkia bomba? Ukimaliza nenda kasalimie na choo cha uwanja wa ndege. Nacho kina maji, kitanuna."

Timu nzima ikaangua kicheko. Ngāhuia naye akacheka, maana afanyeje, akajifuta kiganja kwenye paja. Tangu hapo mambo yakamwendea kombo.

Tangu utotoni, kupinduka na kujiinua bila kutoka kwenye kayaki kulikuwa kwake kama kupiga chafya. Kiuno kinafanya, kichwa kinafuata. Lakini hapa, kwenye poromoko la tatu, alipinduka akaning'inia kichwa chini, akingoja kiuno kikumbuke, na kiuno kikanyamaza. Akafungua sketi ya kayaki, lile turubai la kiunoni linalozuia maji kuingia, akatoka akiogelea, amekumbatia mtumbwi wake, kiatu kimoja kimekwenda na maji. Kesho yake vilevile, na siku iliyofuata vilevile. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka.

Shangazi Roimata, kocha wao, hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Mwanangu, mbio ni keshokutwa. Wenzako wanashuka nyuma yako. Ukiogelea katikati ya njia, atakayekugonga ataumia, na wewe utaumia zaidi. Kesho asubuhi nikikuona unaogelea tena, nafasi yako nampa Pania, aliye akiba."

"Na mimi, Shangazi?"

"Utatushikia mataulo."

Ngāhuia aliitikia kwa kichwa. Aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote duniani, na tangu ajue kushika kasia hakuwahi kutaka kingine.

"Na ukatafute kiatu chako kabla hawajafunga," Shangazi akaongeza. "Viatu haviokotwi barabarani."

Basi pampu zilipozimwa, Ngāhuia alishuka ndani ya mto. Alitembea chini ya mto, mahali ambapo asubuhi alikuwa amening'inia. Saruji ililowa ikang'aa, mawingu ya jioni yamelala juu yake, na kila alipoweka mguu alikanyaga wingu. Povu la mwisho lilikuwa linapasuka pembeni, polepole, kwa mlio mdogo wa kunong'ona. Hakuwa na hakika kama yuko macho. Lile poromoko lililomtesa lilikuwa ngazi moja tu ya saruji, haimfiki magotini. Akaiketia.

Kiatu alikiona kimenasa chini ya tofali kubwa la plastiki la kugeuzia maji. Kando yake palikuwa na kidimbwi, na ndani ya kidimbwi kulikuwa na mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka.

Alikuwa mnene kama mkono wa mtu mzima, mweusi, kajikunja. Alimtazama Ngāhuia kwa macho madogo yasiyo na haraka.

"Oya, pai yako inapoa!" Tūroa alikuwa anakuja na mfuko wa karatasi. Akafika, akachungulia, akasahau utani wake wote. "We! Huyu kafuata nini huku?"

"Maji," alisema Ngāhuia. "Si yanatoka ziwani, na ziwa linajazwa na mto wa kweli? Sisi tulidhani yanatoka kwenye kitufe."

Kila mtoto wa Kawerau anajua habari za mikunga. Wakizeeka hushuka mto mara moja tu, huenda bahari ya mbali yenye joto kuzaa na kufa, na watoto wao hurudi wenyewe bila kuonyeshwa njia.

"Hawa wa huku nao si wanaenda huko huko kwenye joto?" Tūroa aliuliza kwa sauti ya chini. "Basi huenda huyu ana ndugu zake kwetu."

Walimfunga kwenye sketi ya kayaki iliyolowa, wakambeba hadi ziwani, mkunga akijinyonganyonga, Tūroa akipiga kelele za woga. Mkunga alipoteleza majini, Ngāhuia hakuutoa mkono wake.

"Mimi ni Ngāhuia," aliyaambia maji. "Mlima wangu ni Pūtauaki, mto wangu ni Tarawera. Mnisamehe, nimechelewa kubisha hodi."

Tūroa alivua kofia. Safari hii hakucheka.

Asubuhi mto ukawashwa. Kwenye poromoko la tatu Ngāhuia akapinduka, kama kawaida yake.

Huko chini palikuwa na mwanga wa kijani na viputo vinavyopanda taratibu. Hakuna kilichokuja kumshika mkono. Maji yalikuwa baridi na yenye nguvu zile zile za jana. Ila yeye hakuwa tena mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa kunyata, na kwa hiyo hakuwa na haraka ya kukimbia. Akangoja. Kasia likapata uzito wa maji, kiuno kikageuka, na anga ikarudi mahali pake.

Shangazi Roimata alikuwa keshatupa kamba ya uokozi. Ilipita juu ya kichwa cha Ngāhuia, ikaanguka kwenye povu, na hakuna aliyeishika. Msichana alikuwa mbele tayari, anapiga kasia kuelekea lango linalofuata la njia ya mbio.

Shangazi akaanza kuivuta kamba yake tupu, na alichelewa kuikunja, maana macho yake yalikuwa bado yanamfuata msichana.