Barua ya Glenys Hanrahan

Idara yetu ilifutwa kwa mistari minne katika gazeti la serikali, kuanzia Alhamisi. Sanaa zilipelekwa kwingine, michezo kwingine, na sisi wafanyakazi tukagawanywa pamoja na viti vyetu.

Jumatano asubuhi tulikunywa chai ya kuagana. Kwetu mtu haji kwenye chai mikono mitupu. Kila mmoja huleta sahani yake. Mimi nilioka keki ya karoti. Mezani kwangu ilikuwapo barua moja, imeshasainiwa, inangoja bahasha tu. Glenys Hanrahan wa Wirrabilla alikuwa amekubaliwa ombi lake. Kwa miaka sita alituomba mwalimu wa kuogelea kwa watoto wa mji wake, tangu mto ulipomchukua bintiye. Jumatatu nilikuwa nimemdokezea kwa simu, akalia kwa furaha.

Posta ilikuwa ikichukuliwa saa tano. Rhonda, mkuu wangu, akaniita, "Des, njoo bwana! Keki yako inaliwa na waliokuwa wakikusengenya!" Nikacheka, nikaenda. Niliporudi, gunia la posta lilikuwa limeshaondoka. Nikasema si kitu, itakwenda kesho. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini langu lilikuwa limeshiba.

Alhamisi wakubwa wapya waliingia, wakaheshimu barua zilizokwishatumwa tu. Zilizobaki ofisini zilitupwa, na waombaji wakatakiwa kuanza upya kwa fomu mpya. Nilibembeleza wiki tatu, wapi! Mwishowe nikampigia Glenys, nikamweleza yote.

"Yaani barua ulikuwa nayo mkononi?"

"Nilikuwa nayo."

"Ukaenda wapi?"

"Kula keki."

Nilisikia mbwa wake akibweka uani.

"Ilikuwa tamu?"

Nilitamani anitukane.

"Hiyo fomu yenu mpya inauliza nini?"

"Sababu ya kuomba."

"Des, nimeshaandika mara sita jinsi nilivyomkuta mwanangu. Mara sita! Ya saba siiwezi."

"Basi nitakuandikia mimi. Faili lako nalijua lote."

"Unalijua?"

"Kama jina langu."

"Haya. Mwanangu anaitwa nani?"

Nilijua tarehe. Nilijua kina cha maji siku ile, na umbali kutoka shuleni hadi mtoni. Katika maombi yote sita aliandika "binti yangu" tu. Fomu zetu hazikuuliza zaidi, wala mimi sikuwahi kuuliza.

"Sijui, Glenys."

"Miaka sita, Des."

"Najua. Nisamehe."

Hakunisamehe. Nilimsikia akivuta kiti, akikaa, akipenga kamasi.

"Coralie," akasema. "Alikuwa na miaka minane. Una kalamu hapo? Andika."